Barua ya wazi kwa wanaosimamia elimu endelevu ya mawakili: pointi zimetimia, elimu iko wapi?

Kwa Mwenyekiti na wajumbe wote,
Kamati inayosimamia elimu endelevu ya mawakili.

YAH: KOZI ZA ONLAINI ZINAZOTOA CHETI BILA KUTOA ELIMU

Waheshimiwa, salaam.

Tafadhali rejeeni kichwa cha habari hapo juu. Barua hii si ya kwanza. Nimewaandikia imeili tatu ndani ya miezi kumi na nne, ya kwanza nikajibiwa na mashine kwamba ujumbe umepokelewa na unafanyiwa kazi, ya pili nikajibiwa na mashine ileile kwa maneno yaleyale, ya tatu hata mashine ikanyamaza. Nikapiga simu nikaambiwa mhusika yuko kikaoni. Sijui kama hicho kikao kimeshaisha. Basi leo naandika hadharani, kwa heshima zote mnazostahili, wenzangu nao wasome, na asiyekubaliana na mimi aseme.

Nianze kwa kukiri kosa langu kabla sijawagusa nyie. Mwezi uliopita nilimaliza kozi ya maadili ya masaa matatu, mkifungua sistimu yenu mtaona jina langu na tiki ya kijani na cheti kimetoka. Sasa ilivyokuwa ni hivi. Saa nne usiku, zimebaki siku mbili lifungwe dirisha la pointi, zile za masomo ambazo kila wakili anatakiwa azitimize kwa mwaka, laptopu iko juu ya meza ya jikoni vidio inacheza, mi niko kwenye sinki nasuuza vyombo. Kila baada ya muda kinatokea kisanduku kinauliza "Bado upo?", nafuta kidole kwenye suruali, nabonyeza "Ndiyo", narudi kwenye sufuria. Kuna mahali mtoa mada anataja neno la kuthibitisha mahudhurio ambalo usipoliandika mwishoni hupati cheti, na hilo ndo kitu pekee sikio langu lilikuwa linasubiri usiku ule. Neno lilikuwa "daraja". Nililiandika nyuma ya bahasha na mpaka leo nalikumbuka. Kozi ilihusu mgongano wa maslahi, zaidi ya hapo msiniulize.

Niliona aibu, kweli kabisa, maana mimi ndo yule ninayewahubiria mawakili wachanga ofisini kuhusu maadili. Halafu nikauliza wenzangu kimyakimya wao wanafanyaje, nikakuta mimi ndo mwanafunzi bora, kuna mmoja anafungua kozi mbili kwa pamoja kwenye mashine mbili na zote kazizima sauti.

Na msije mkaniwahi kwamba huyu ni mzee anataka turudi ukumbini. Hapana jamani. Ukumbini tulikuwepo, tunajua mambo yake, mtu anasaini asubuhi anaonekana tena saa ya chai, na rafiki yako anakusainia ukichelewa. Tangu mwaka 2020 corona ilipotufungia ndani na kila mtu akahamia onlaini, kuna wakili anayenyonyesha, kuna wakili anayefanya kazi mbali na miji mikubwa, kuna wakili asiyeweza kupanda ngazi za kumbi zetu, hao wote wamepata nafasi ambayo zamani hawakuwa nayo. Onlaini ibaki. Ninacholalamikia ni kwamba mmechukua ukumbi mkaupiga vidio, basi, mkaita hayo ndo mabadiliko.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Kipimo chenu ni saa, na saa siku hizi haipimi kitu. Hii hesabu ina umri wa nusu karne. Minnesota na Iowa kule Marekani walianza kumlazimisha wakili aendelee kusoma mwaka 1975, na enzi hizo kuhesabu masaa kulieleweka maana mtu alikuwa amekaa kwenye kiti, jina lake liko kwenye karatasi mlangoni. Wengine wakafuata hesabu hiyohiyo, Minnesota wanadai masaa 45 kila miaka mitatu, New York masaa 24 kila miaka miwili kwa wakili mzoefu, British Columbia wakawa wa kwanza Canada mwaka 2009 na masaa yao 12 kwa mwaka. Sawa. Ila ukumbini ukisinzia jirani anakupiga kiwiko, na mtoa mada akichemka kuna mtu atanyoosha mkono ambane. Kwenye vidio saa moja ni dakika 60 za mstari unaotembea chini ya skrini, uwepo usiwepo.

Na mkishasema kinachonunuliwa ni saa, watu watauza saa. Kuna kozi nilifanya ambayo mtoa mada alisoma slaidi zake neno kwa neno, dakika ya 41 akawa kamaliza, ukamwona kabisa anatupia jicho saa ya ukutani, akarudi slaidi ya kwanza "tujikumbushe tulikotoka". Yaani nililipia dakika 19 za kujikumbusha.

Kule England na Wales msimamizi wa masolisita, aina mojawapo ya mawakili wa kule, aliliona hili akafuta yale masaa 16 ya kila mwaka kuanzia tarehe 1 Novemba 2016. Badala yake kila solisita anatakiwa aitazame kazi yake mwenyewe, aone wapi amepungukiwa, asome hapo, aandike alichofanya, halafu kila mwaka athibitishe kwamba amefanya hivyo. Mi binafsi naona nao wameachia kamba kupita kiasi, maana kumwambia wakili ajikague mwenyewe ni kesi ya nyani kumpelekea ngedere. Ila angalau walithubutu kuuliza swali ambalo nyie hamjauliza, kwamba hivi huyu mtu anajua nini leo ambacho jana hakujua?

2. Rekodi zilizochacha. Hapa nina donda langu. Miaka miwili iliyopita nilichukua kozi ya utaratibu wa madai kwenye orodha yenu mliyoidhinisha, ukurasa wa kozi hauna tarehe, mtoa mada ni mtu ninayemheshimu, na hiyo siku nilikuwa nasikiliza kwelikweli, kalamu mkononi. Akaeleza muda wa kuwasilisha majibu ya madai, nikaandika, kesho yake nikamwelekeza kijana wangu ofisini kwa kujiamini kabisa. Kumbe vidio ilirekodiwa miaka mitano nyuma na muda huo ulishapunguzwa. Tukafika masijala tukiwa tumechelewa siku tisa. Ikabidi niombe kuongezewa muda, nimesimama mbele ya jaji na mteja wangu kakaa nyuma yangu anasikia kila kitu, jaji akaniuliza kwa upole kabisa, wakili msomi, hiyo kanuni unayoisema umeitoa wapi? Nikakosa la kusema. Ningemwambia nimeitoa kwenye mafunzo?

Kosa ni langu, silikatai, wakili anatakiwa ahakikishe sheria kwenye kitabu cha sheria na sio kwenye vidio. Ombi lilikubaliwa, gharama nikabeba mimi, mteja naye akabeba jalada lake akaondoka. Lakini mimi niliyemaliza ile kozi nikiwa makini niliumia, na yule aliyeizima sauti hakuumia, pointi tulipata sawasawa. Nilipowaandikia mkaibadilisha? Niliangalia juzi. Bado ipo.

3. Akili mnemba imeshaingia ndani na nyie bado mnabisha hodi. Wengi mnaijua kesi ya Mata dhidi ya Avianca, mahakama ya shirikisho New York, mwaka 2023. Abiria anadai aliumizwa goti na kigari cha kuhudumia ndani ya ndege, mawakili wake wakapeleka hoja zenye hukumu sita ambazo hazijawahi kutolewa na mahakama yoyote duniani, ChatGPT ndo ilizitunga. Aliyefanya huo utafiti alikuwa na zaidi ya miaka 30 kazini, na alipopata wasiwasi aliiuliza mashine ileile kama hizo kesi ni za kweli, ikamwambia ndiyo. Faini ikawa dola 5,000. Watu walicheka sana. Juni 2025 zamu ikafika London, Mahakama Kuu ikasikiliza mashauri mawili ya aina hii, kwenye moja kesi zilizotajwa ni 45 na 18 kati ya hizo hazipo, na wakili alikuwa ametegemea utafiti uliofanywa na mteja wake! Mteja! Mahakama ikasema wazi kwamba miongozo ya kwenye karatasi peke yake haitoshi, wanaoongoza taaluma wachukue hatua zinazoonekana.

Wengine walianza mapema kidogo. Florida waliweka masaa matatu ya lazima ya teknolojia kwa uamuzi wa mwaka 2016, New York wakaongeza saa moja ya usalama wa mtandao na ulinzi wa data kuanzia Julai 2023. Sisi kwenye orodha yetu kuna kozi moja inaitwa utangulizi wa teknolojia, nimeifanya, inafundisha kuweka nywila ngumu na kukaa vizuri mbele ya kamera. (Hilo la kamera nakubali lina umuhimu, tangu yule wakili wa Texas atokee kwenye Zoom mbele ya jaji kwa sura ya paka iliyowekwa na kichujio cha kamera Februari 2021 akaanza kujitetea kwamba yeye sio paka.)

Sasa nisikilizeni kuhusu mafunzo bora kuliko yote niliyopata tangu niapishwe. Tulikuwa watu wanane kwenye simu ya vidio. Mwezeshaji alitutumia rasimu ya hoja yenye kesi kumi na mbili, akasema tatu kati ya hizi ni za uongo, mna dakika arobaini, zitafuteni. Hakuna slaidi. Kila mtu akainama kwenye mashine yake, kimya, unasikia tu kibodi, mmoja akasahau kuzima maiki tukawa tunamsikia anaguna. Nilipata mbili. Ya tatu ilinipita, na ndo ile iliyokuwa tamu kuliko zote, maana ilisema kile hasa ambacho ningependa mahakama iwe imesema. Sitasahau. Tangu siku hiyo nikikutana na kesi inayonifaa mno mkono unaenda wenyewe kuitafuta hukumu yenyewe niisome.

Mafunzo hayo yalinipa pointi sifuri, kwa sababu mwezeshaji hayumo kwenye orodha yenu na hakukuwa na vidio ya kukagua. Ile ya mgongano wa maslahi niliyosuuzia vyombo, pointi tatu.

4. Ushahidi wenu wa mahudhurio unakufa, na hili lingetakiwa liwanyime usingizi. Kile kisanduku cha "Bado upo?" kilikuwa kinamsumbua binadamu. Leo kuna programu zinazosikiliza vidio, zinaandika kila neno, zinatoa muhtasari, na zinajibu maswali yenu matano ya mwisho kabla wewe hujamaliza kuyasoma, maswali ambayo hata hivyo mtu anaruhusiwa kurudia mpaka apate. Baada ya muda mfupi tutakuwa na mashine inayotoa kozi na mashine inayohudhuria kozi, wakili yuko zake mahakamani, na kila upande una cheti. Najua mtakimbilia kuongeza ulinzi, kamera ya kumtazama mtu usoni na mambo kama hayo. Msifanye hivyo tafadhali. Kwanza inadhalilisha, pili uso unaweza kuwepo na akili haipo, mke wangu atawathibitishia.

5. Haya madogo nayapitia haraka. Mtandao ukikatika dakika ya 52 vidio inaanza upya kutoka sifuri, na bando limeshaliwa. Wiki ya mwisho kabla ya dirisha kufungwa sistimu inalala chini kila mwaka, kama vile hamkujua kwamba mawakili ni watu wa zima moto. Kozi nyingi hazina maandishi chini ya vidio, mwenzetu asiyesikia anafanyaje? Miongozo ya kimataifa ya tovuti imeyaweka hayo maandishi kwenye daraja la chini kabisa la masharti, yaani ndo kianzio.

Sasa najua majibu yenu, nimeyasikia kwenye korido.

Mtasema masaa ni rahisi kukagua. Kweli, ni rahisi, na matokeo yake ndo hayo. Hata hivyo hakuna aliyewaomba mkague akili za watu elfu nyingi mmoja mmoja, mnachoweza kukagua ni kazi. Mpe wakili rasimu yenye makosa airekebishe. Mpe mgongano wa maslahi wa kubuni wenye majina na tarehe, aandike ukurasa mmoja atafanya nini Jumatatu asubuhi. Wenzake wawili wasome, waseme kitu. Mashine inaweza kumwandikia, ndiyo, ila wale wawili wakimuuliza swali moja kwa mdomo itajulikana.

Mtasema mawakili wenyewe ni wavivu, ukiwawekea ngumu watapiga kelele. Wapo, na nimeshawaambieni mimi ni mmoja wao nikiwa kwenye sinki. Lakini mtu huyohuyo aliyesuuza vyombo ndo aliyeinamia rasimu dakika arobaini bila kugusa simu, kwa hiyo tusimalizie yote kwenye uvivu. Wanasaikolojia walishalisema hili zamani. Ebbinghaus alionyesha mwaka 1885 jinsi kitu ulichojifunza kinavyopotea haraka usipokirudia, na mwaka 2006 Roediger na Karpicke walionyesha kwamba wanafunzi waliojipima kwa kujaribu kukumbuka walikuwa na kingi zaidi kichwani wiki moja baadaye kuliko waliosoma upya tu. Nyie mnatupa masaa matatu kwa mkupuo, mara moja kwa mwaka, usiku wa mwisho, halafu basi.

Mtasema bajeti hakuna. Hizi kozi tunalipia sisi. Na rasimu yenye kesi tatu za uongo haigharimu kama studio yenye taa na pazia la bluu.

Mtasema kanuni lazima zibadilishwe kwanza na hilo linachukua muda. Mbona mwaka 2020 kikomo cha masaa ya onlaini kiliondolewa ndani ya wiki chache? Mkitaka mnaweza, tuliwaona.

Kwa hiyo naomba, na ninaomba kwa maandishi ili isije ikasemwa sikuomba:

Nusu ya pointi za kila mwaka zipatikane kwa kazi iliyofanywa na kuonwa na mtu, iwe rasimu, iwe mjadala wa moja kwa moja wa watu wasiozidi kumi, na mafunzo ya vikundi vidogo yapate njia fupi ya kuidhinishwa hata kama hayana vidio. Nusu nyingine bakini na masaa yenu kwa sasa, sina ugomvi.

Kila rekodi iwe na tarehe ya kurekodiwa mahali panapoonekana, na kozi ya sheria inayobadilika ikifikisha miezi kumi na miwili bila kupitiwa upya iondolewe kwenye orodha yenyewe bila kusubiri mtu aaibike mahakamani.

Kuhakiki kesi na nukuu zilizotoka kwenye akili mnemba liwe zoezi la lazima kwa kila wakili, zoezi la mikono, mwaka huu. Sitaki mhadhara kuhusu mustakabali wa teknolojia.

Vidio ianzie pale ilipokatikia na iwe na maandishi. Hili fundi mmoja analimaliza, msiunde kamati.

Na la mwisho ambalo naliombea zaidi ya yote: kila mjumbe wa kamati yenu achague kozi moja kwenye orodha aifanye kama sisi, nyumbani, usiku, baada ya siku nzima ya kazi, kuanzia salamu ya mtoa mada mpaka cheti. Kisha mkutane mwambiane kila mmoja anakumbuka nini. Majibu ya hicho kikao ningeyalipia.

Nasubiri jibu ndani ya siku 30. Dirisha lijalo likifunguliwa kabla hamjajibu, mimi nitafanya kozi zangu kama kawaida, ila kila nitakayoifanya nitaandika hadharani dakika kwa dakika nilikuwa nafanya nini wakati inacheza, na nimeshapata wenzangu kumi na mmoja wa kufanya hivyo pamoja nami.

Wenu katika fani,
Wakili mwenye tiki ya kijani.

Tanbihi: Mkinijibu, tafadhali anzeni na neno la kuthibitisha mahudhurio. Lipo humu ndani kwenye alama za nukuu, nilishaliandika nyuma ya bahasha.